Bibi hana huzuni, ana mawazo

Natafsiri madodoso ya afya. Ndiyo kazi inayonilipia kodi ya nyumba hapa Morogoro. Sitafsiri riwaya wala filamu za Kikorea. Wanaofanya hizo wana mashabiki, mimi nina wadodosaji wanaonipigia simu saa mbili usiku: "Dada, hili swali la 14 ulikuwa unamaanisha nini?" Watu wakisikia kazi yangu huuliza ugumu uko wapi, kwani maswali si maswali tu. Ugumu ni kwamba swali likishatafsiriwa, likapitishwa na kamati na kupelekwa vijijini, kile linachokiuliza kinaanza kuhesabika. Kisichoulizwa hakimo kwenye jedwali, hakimo kwenye ripoti, na bajeti ya wilaya haikijui, hata kama watu wanakiugua kila siku ya Mungu.

Dodoso lililonitoa jasho kuliko yote ni la ukurasa mmoja. Linaitwa PHQ-9, la kupima sonona. Lilichapishwa Marekani mwaka 2001 na Kroenke, Spitzer na Williams, lina maswali 9, na limeenea duniani kwa sababu ni la bure na halina mlolongo: nesi analimaliza mgonjwa akiwa bado anasubiri majibu ya vipimo. Kila swali linataja jambo moja na kukuuliza, ndani ya wiki mbili zilizopita, limekusumbua mara ngapi. Unachagua jibu moja kati ya manne, lenye alama kuanzia 0 hadi 3. Alama za juu kabisa ni 27. Ukifikisha 10, kwa kawaida unahesabiwa kuwa una sonona ya kushughulikiwa.

Sonona. Kusononeka wazee wetu wamesononeka tangu enzi na enzi, hilo si geni. Kilicho kipya ni kuifanya jina la ugonjwa, lenye faili na dozi. Mwambie mtu wa kijijini kwamba ana sonona, atarudi nyumbani kuulizia ndiyo dudu gani. Vijana wa Dar wana "dipresheni" na "stresi" zao na wanaelewana vizuri tu. Redioni ni "afya ya akili" asubuhi hadi jioni. Lakini jaribu kumtamkia mzee wa Kilosa neno akili karibu na neno ugonjwa, uone anavyokaza uso. Kichwani kwake tayari umeshampakia gari la kwenda Mirembe. Hospitali ile ya Dodoma inatibu watu, ila jina lake mitaani limegeuka kejeli, kama Wakenya walivyoigeuza Mathari yao.

Swali la pili la PHQ-9 ndilo lililotukesha. Linataka kujua kama umekuwa na moyo mzito, umesononeka, au umekata tamaa. Tulikaa mezani mimi, mwenzangu wa Mombasa, mwingine wa Unguja, na nesi mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye zahanati za Kilosa, chupa ya chai na sahani ya maandazi katikati. Tukaanza kumwaga maneno. Huzuni. Majonzi. Simanzi. Jitimai. Kihoro. Ukiwa. Unyonge. Mswahili hakunyimwa maneno ya uchungu, hilo nawahakikishia. Kila neno likiwekwa mezani, mtu analipenda, halafu mwingine analikatalia. Kihoro ni cha msiba au hasara kubwa; huna kihoro bure bure. Ukiwa ni wa aliyeachwa peke yake. Simanzi hutanda, tena hutanda juu ya watu wengi kwa pamoja, magazeti yetu hayajawahi kuiandika vinginevyo. Unyonge ni wa asiye na mtu wala kitu. Jitimai aliileta yule wa Mombasa kwa fahari kubwa, na nesi akamuuliza kama anadhani kuna mgonjwa wa Kilosa atakayeelewa.

Nesi huyo alikuwa msikilizaji zaidi kuliko msemaji. Akatafuna andazi, akasema: "Mnatafuta huzuni isiyo na sababu. Sasa hiyo ni huzuni ya nini?"

Nilinyamaza, maana alikuwa amegusa penyewe. Kwetu mtu akisema ana huzuni, neno linalofuata ni "kuna nini?" au "umefikwa na nini?" Majonzi yana mlango yalikoingilia: kifo, talaka, mahindi yaliyokauka, mwana aliyeenda mjini akakata simu. Dodoso halitaki kujua mlango. Linataka uwe na kitu kifuani kwa wiki mbili, kihesabiwe kama kilivyo, bila kuuliza kilifikaje. Waliolitunga wana sababu yao: ukianza kuuliza sababu kila mtu atakuwa na yake, na hutaweza kumlinganisha mfanyakazi wa kiwanda cha Chicago na mkulima wa Mvomero. Naielewa hoja hiyo. Ila kuielewa hakumfanyi mkulima wa Mvomero awe na huzuni isiyo na mlango.

Tukaandika rasimu, tukaenda kuijaribu kijijini. Ndipo nilipomkuta bibi huyu ambaye hadi leo namtaja kwenye kila mafunzo ya wadodosaji. Alikuwa anapukuchua mahindi uani, khanga ameifunga kiunoni, redio inaongea peke yake juu ya dirisha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Vuta kigoda hicho. Mnaandikisha nini tena?"

Mdodosaji akaeleza, akaomba ridhaa, bibi akakubali, maswali yakaanza. Wiki mbili zilizopita, bibi, umekuwa na huzuni, umesononeka? Hapana. Umekata tamaa? "Astaghafirullah, nikate tamaa na Mungu yupo?" Akapewa sifuri. Tukaendelea. Usingizi je? Hapo akaweka gunzi chini. Usingizi anaupata saa tatu usiku, saa nane unakata, mpaka adhana ya alfajiri yuko macho. Kwa nini, bibi? Mdodosaji hakutakiwa kuuliza hivyo, haimo kwenye fomu, lakini ni mtoto wa watu, akauliza. "Si mawazo, mwanangu." Mawazo gani? Ikatoka yote. Mjukuu aliyemlea kafeli kidato cha nne na hataki kutoka ndani. Mkopo wa kikundi cha VICOBA aliouchukua kwa ajili ya bati. Kijana wake wa pili yuko Tunduma, hajulikani anafanya nini. Kichwa kinamuwaka moto, moyo unaenda mbio akiwa amekaa tu, chakula kinageuka majivu mdomoni. "Nikianza kuwaza siachi," alisema. "Mawazo yananila."

Kwenye fomu yake, swali la huzuni: sifuri.

Angeulizwa kama ana mawazo, angejibu kabla swali halijaisha. Nami nilikuwa nimeliondoa neno hilo kwenye rasimu ya awali kwa sababu lilionekana jepesi, la mtaani. Mawazo kila mtu anayo. Mtu akikosa ada ana mawazo, timu yake ikifungwa na Simba ana mawazo. Lakini kuna mawazo na kuna yale mawazo, na msemaji wa Kiswahili anajua tofauti kwa namna sauti inavyoshuka. "Ana mawazo yule" ikisemwa na jirani, ukuta kwa ukuta, haimaanishi kwamba anayesemwa ni mwanafalsafa.

Tatizo jingine lilikuwa la kisarufi kabisa, na linanichekesha mpaka leo. Majibu manne ya PHQ-9 ni: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, na karibu kila siku. Rasimu yetu iliandika "zaidi ya nusu ya siku." Sasa Kiswahili hakitofautishi siku moja na siku nyingi, siku ni siku. Wazee wakalisikia jibu hilo kama nusu ya kutwa. Mzee mmoja akaanza kupiga hesabu kwa vidole: asubuhi yuko shamba, hapo hana shida, adhuhuri anakula, analala kidogo, mambo yanaanza jua likizama. "Basi andika nusu siku pungufu," akasema kwa umakini wote. Tungeyachukua majibu yale kama yalivyo, kompyuta ingeyapokea vizuri sana bila kulalamika. Namba zingetoka. Mtu angeandika makala. Tulibadilisha ikawa "zaidi ya siku 7 kati ya 14," na wenzangu wakaona aibu kidogo kwamba suluhisho lilikuwa la darasa la tatu.

Swali la 9 nitaligusa kwa kifupi, maana si la mzaha. Linauliza kama umewahi kuwaza kwamba bora ungekufa, au kujidhuru. Wadodosaji wetu, wengi vijana waliolelewa na adabu, hawawezi kumtamkia mtu mzima maneno hayo, kwa hiyo wanayalainisha papo hapo: "Bibi, umewahi kutamani Mungu akuchukue?" Bibi mcha Mungu wa miaka sabini na kitu atakujibu kila siku, kila baada ya sala, anichukue kwa salama. Alama 3. Na kijana mwenye kamba ndani ya nyumba, aliyesikia kwamba kujaribu kujiua ni kosa la jinai katika sheria za Tanzania, na kweli ni kosa, anakuangalia wewe mgeni mwenye kitambulisho shingoni na kusema hapana kabisa. Alama 0.

Wanaotuagiza kazi hizi wana dawa yao ya kuhakiki, inaitwa tafsiri ya kurudi. Mimi natafsiri kuja Kiswahili, mtu mwingine asiyeona lugha ya asili anairudisha, halafu nakala mbili zinalinganishwa. Zikifanana, tafsiri imepita. Inasikika vizuri. Lakini wanaofanya kazi ya kurudisha ni sisi sisi, tunaojuana, na PHQ-9 tumeshaitafsiri na kuirudisha kwa mradi huu na ule hadi tumeikariri. Mrudishaji mzoefu akiona maneno "moyo mzito" anajua kilichokuwa upande wa pili, anakiandika kwa ufasaha, nakala zinafanana kama pacha. Kilichohakikiwa hapo ni kumbukumbu yake. Hakuna aliyemhakiki bibi wa mahindi. Ningekuwa na mamlaka ningempa kazi hiyo mwalimu wa shule ya msingi asiyewahi kuona dodoso maishani, nakala zitofautiane tuone zinatofautiana wapi.

Msinielewe vibaya, sidai kwamba ugonjwa ni maneno matupu. Yule bibi alikuwa halali usiku, iwe kwa jina lolote. Ninachosema ni kwamba jina ndilo linaloamua unagonga mlango gani. Na hapo nina mfano ambao si wa karatasi.

Degedege. Nilikozaliwa, Korogwe, jina hilo halikutamkwa mbele ya mtoto mchanga, tulisema "maradhi ya kitoto." Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo na bonde la Kilombero miaka ya 1990 walilieleza vizuri jambo ambalo kila mama alikuwa analijua. Mtoto akichemka mwili, ana homa, labda homa ya malaria, na homa ni ya zahanati. Mtoto yuleyule akikakamaa, macho yakapinduka, povu likatoka, basi hiyo si homa tena. Ni degedege, ni kitu kilichompitia, wazee wakilihusisha na ndege wa usiku, na mwenye kazi hiyo ni mganga. Anafukizwa moshi wa mavi ya tembo, anaogeshwa majani. Na marufuku kuu ilikuwa sindano: mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa.

Wataalamu walilicheka hilo la sindano, mimi sikuwahi kulicheka. Mtoto aliyefikishwa hospitali malaria imeshapanda kichwani, siku ya pili ya degedege, baada ya kuzungushwa kote, alikuwa yuko ukingoni. Anachomwa sindano, anafariki. Mama ameona kwa macho yake, na jirani ameona, na wa mwaka jana waliona. Ushahidi walikuwa nao. Walichokosa ni wale watoto waliochomwa mapema wakapona, kwa sababu hao hawakuitwa wa degedege. Waliitwa wa homa.

Wakati huo huo ukutani pa zahanati kulikuwa na mabango ya kuhimiza watu wawahi kutibu malaria. Akina mama walitii. Wakaiwahi malaria. Degedege ilikuwa kitu kingine, haikutajwa kwenye bango. Waliotafsiri elimu ile walikuwa wameleta neno malaria wakadhani wameleta ugonjwa mzima, kumbe nusu yake ilibaki nje ya neno, kwa mganga. Ilibidi waelimishaji waje waseme waziwazi, kwa jina la watu wenyewe, kwamba degedege ni dalili ya malaria kali. Sentensi ndogo, ila watoto wawili waliokuwa kwenye lugha wakawa mmoja.

Ajabu ni kwamba jina lenye pepo ndani yake si lazima limpeleke mtu kwa mganga. Angalia pepopunda. Pepo na punda katika neno moja, utadhani ni hadithi ya kutishia watoto, na ndilo neno rasmi la wizara. Mama mjamzito anaenda kliniki anachomwa chanjo ya pepopunda, inaandikwa kwenye kadi, anarudi sokoni kuuza nyanya. Hamuulizii pepo wala punda. Sindano imelizoea neno, au neno limezoea sindano. Kwa hiyo wale wanaotaka tusafishe majina yote ya magonjwa yawe ya kisayansi nadhani wanahangaika na ganda.

Na kuna jina lililoleta ugonjwa wake lenyewe. Waliokuwa wazazi miaka ya 1980 wanalikumbuka: meno ya plastiki, wengine wakisema meno ya nailoni. Mtoto wa miezi kadhaa anaharisha, ana homa, hanyonyi. Mama anafunua ufizi, anaona uvimbe mweupe mahali chonge zitakapoota. Hayo ndiyo meno ya plastiki, yakiachwa yanaua, yang'olewe haraka. Yaling'olewa kwa spoku ya baiskeli iliyochongwa, kwa msumari, kwa kisu, bila ganzi. Kilichokuwa kinang'olewa ni chipukizi la jino la utoto, laini bado, jeupe kama lilivyoumbwa. Madaktari wa meno wakaja kukuta watoto wa vijiji kadhaa hawana chonge. Uganda nako wanayo, wanayaita ebiino.

Mdogo wangu wa kiume ni mmoja wao. Mama mdogo alimpeleka kwa mama mmoja aliyesifika kwa kazi hiyo, akamrudisha amefungwa kitambaa mdomoni, na kuhara kukakoma baada ya siku chache, kama kunavyokoma kwa watoto wengi wakipewa maji na maziwa. Basi ikathibitika. Leo ni mtu mzima mwenye watoto wake, chonge ya chini kulia haikuota na ya kushoto imetoka ikitazama pembeni. Akicheka anaweka mkono mdomoni. Ufizi wa kichanga ulikuwa na uvimbe ule tangu dunia iumbwe, na mama zetu walikuwa wakifunua vinywa vya watoto wao tangu hapo. Hawakuwahi kuona kitu cha kung'oa. Halafu likaja jina, na ghafla kila mdomo uliofunuliwa ulikuwa nacho. Kwa nini plastiki? Mimi nahisi ni kwa sababu ndiyo kwanza ndoo na kandambili za plastiki zilikuwa zinajaza nyumba zetu, na kitu cheupe laini kisicho mfupa kilihitaji jina. Hiyo ni hisia yangu tu, msininukuu.

Ndiyo maana siwezi kuwaambia wenzangu kwamba neno la watu ni sahihi na la daktari ni la kuja. Meno ya plastiki ni neno la watu.

Lakini kuhusu mawazo nina mfano unaonipa moyo, na uko Zimbabwe. Washona wana neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na walikuwa wakienda nalo kliniki na kwa waganga muda wote huo. Katika miaka ya 1990, Vikram Patel na wenzake walifanya kazi Harare wakianza na maneno ya wagonjwa wenyewe, wakatunga dodoso la Kishona la maswali 14, linalouliza kuhusu wiki moja iliyopita, na kuwaza kupita kiasi kumo. Halikutafsiriwa kutoka popote. Kisha mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda akaanza Mbare, kitongoji cha Harare, mradi unaoitwa Friendship Bench: mabenchi ya mbao kwenye viwanja vya kliniki, na mabibi waliofunzwa wanaokaa na mgonjwa kuzungumza naye. Mgonjwa haambiwi ana ugonjwa wa akili. Anaongelea kufungisisa, na bibi anamuuliza, kwanza kabisa, ni matatizo gani, tuanze na lipi. Yaani anauliza mlango. Mwaka 2016 matokeo ya jaribio lao yalitoka kwenye jarida la JAMA: baada ya miezi 6, waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kabla ya hapo, mwaka 2013, kufungisisa ilikuwa imeingizwa kwenye kiambatisho cha DSM-5, mwongozo wa magonjwa ya akili wa Wamarekani. Neno la Mbare limevuka bahari likapewa ukurasa.

Niliwasomea wenzangu habari hiyo mezani. Wa Unguja akasema sawa, lakini Washona wana neno moja linalobeba mzigo wote, sisi mawazo yetu ni pamoja na mawazo ya kujenga, mawazo ya wananchi, na sanduku la maoni. Ana haki. Tukajaribu "kuwaza sana", tukajaribu "mawazo yasiyokuacha", tukajaribu "kuliwa na mawazo", ambayo ilikuwa ya bibi mwenyewe. Nesi aliipenda ya bibi. Wa Mombasa alisema kwao ingeeleweka pia, ila wangesema "fikira" kabla ya "mawazo". Tukachagua "mawazo mengi yasiyokuacha" tukaomba iongezwe kama swali la 10.

Haikukubaliwa. Wafadhili walijibu kwa upole kwamba PHQ-9 ikiwa na maswali 10 si PHQ-9 tena, na matokeo hayatalinganishwa na ya nchi nyingine. Ni kweli kabisa. Ndivyo mizani inavyofanya kazi: huwezi kuongeza jiwe lako upande mmoja halafu ukadai kilo ni kilo.

Basi tukaweka maneno hayo kwenye mwongozo wa wadodosaji, ukurasa wa mwisho: mhojiwa akitaja mawazo bila kuulizwa, mdodosaji aandike pembeni. Wakati wa majaribio tulitumia karatasi, na pembeni pale pamejaa. Nimezipitia. "Mawazo ya ada." "Anasema mawazo, presha inapanda akiwaza." "Ana mawazo, mume kaoa mwingine, amelia, nimesimamisha mahojiano." Maandishi ya haraka, mengine yamepanda juu ya mstari wa alama, na mara nyingi kando ya sifuri.

Utafiti wenyewe sasa unafanyika kwa tableti. Tableti haina pembeni. Ina vitufe vinne kwa kila swali, ukibonyeza kimoja inaruka kwenda linalofuata. Nilimuuliza kijana anayetengeneza programu kama tunaweza kuweka kisanduku cha kuandika baada ya swali la 9. Akasema ni kazi ya muda wa kunywa soda. Kinachochukua muda ni ruhusa, kwa sababu dodoso lilishapitishwa na kamati ya maadili ya utafiti na kila badiliko, hata nukta, linarudi kwao kwa barua. Barua nimeshaiandika. Nimeomba kisanduku kimoja, kisiwe cha lazima, kipokee herufi 250, na nimeambatisha nakala za zile karatasi za majaribio, majina yakiwa yamefutwa. Mratibu wa mradi ameuliza majibu yatakayoingia humo yatachambuliwa na nani, maana hayana alama. Nimemwambia nitayasoma mimi.